Mzee wa maji pale Hankou

Juzi mwanangu kaja na daftari lake la darasa la kwanza, analalamika ticha kamkosesha b zote eti anazianzia chini, sasa anataka kujua, kama b inaonekana b, kosa liko wapi? Nikamwambia kamuulize mama yako. Usiku usingizi ukagoma, kichwa kikanirudisha Wuhan, China, ule mwaka wa kujifunza Kichina kabla hawajaturuhusu hata kugusa kozi zetu.

Maana hilo swali nililiuliza sana tu. Laoshi wetu, yaani mwalimu, alikuwa mama mpole lakini kwenye mpangilio wa mistari, upi uanze upi ufuate, hana masihara. Daftari lina viboksi, kila kiboksi kimegawanywa vinne, unarudia herufi ileile mpaka kidole kinaota sugu. Mlalo kabla ya wima, juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, halafu ukishazoea unaambiwa 小 inaanzia katikati na 火 inaanza na nukta za pembeni, basi tu. Iliyonikera ni 国, yaani nchi. Unashusha ukuta wa kushoto, unapiga wa juu na kushuka kulia kwa mkupuo mmoja, unaweka vya ndani, ndo unamalizia na mstari wa chini. Watu waingie kwanza ndo mlango ufungwe, laoshi alikuwa anasema hivyo kila siku. Mimi nilikuwa nafunga boksi lote kisha najaza ndani, na inatoka nadhifu. Ubaoni nakatwa maksi, kwenye karatasi napita, kwa hiyo nikajiridhisha kwamba herufi ikishaandikwa hakuna anayejua ilianzia wapi.

Sasa Jumapili moja, lile joto la Wuhan, mji ambao wenyewe wanauhesabu kwenye matanuri ya China, nikashuka mpaka ukingo wa mto Yangtze upande wa Hankou, humohumo Wuhan. Wazee wanakuja pale na fimbo ndefu zenye sponji iliyochongwa ncha, wanachovya kwenye maji na kuandika chini kwenye vigae, herufi kubwa kubwa, zinakauka, wanaandika tena. Nikasimama kwa mmoja, nikamsalimia babu kama adabu ya kule inavyotaka, akanipa fimbo bila maneno mengi, na afadhali, maana Kichina chake cha Wuhan nilikuwa naokota neno moja moja.

Shetani akanipitia. Nikasubiri ageuke kunywa chai kwenye chupa yake, nikaandika 国 kwa mtindo wangu, boksi kwanza, vya ndani baadaye, taratibu kabisa ipendeze. Nikamwita aje aone.

Akaja, akaangalia, kimya. Nikadhani kaikubali. Kumbe anasubiri. Akachuchumaa, akanivuta mkono nichuchumae na mimi, akanyoosha kidole kwenye mstari wa chini. Ulikuwa unafifia. Ukuta wa kushoto umeshaondoka, wa juu umebaki vipande, wa chini nao unakwenda, na vile vya ndani bado vibichi vinang'aa peke yao katikati ya kigae. Akaandika yake pembeni, haraka, tukakaa kuitazama na jua linachoma shingo: kushoto kukaondoka, juu, kulia, vya ndani, mpaka ukabaki mstari wa chini tu kwenye kigae. Akanigeukia, akasema yaleyale ya laoshi, umefunga mlango watu hawajaingia, akacheka mpaka akakohoa.

Nikamsimulia mshkaji wangu Mzambia aliyekuwa anasubiri kuanza fizikia, akaniharibia kabisa. Eti vigae vya nje havilingani, palipopata jua jingi panakauka mapema hata kama pameandikwa mwisho, mzee alikuchungulia tu huku anakunywa chai. Inawezekana, sikatai, kivuli changu nacho kilikuwa kinacheza pale chini. Ila niliona kwa macho yangu bwana.

Tangu hapo nikawa nafunga boksi mwisho, hata sijui ni kwa kushawishika au ni aibu tu. Mtihani wa lugha ulivyofika tukaufanya kwenye kompyuta, unabonyeza matamshi herufi zinajipanga zenyewe unachagua, na mlango umefungwa saa ngapi hakuna aliyeniuliza.