Makongoro ya Yerevan

Baba mwenye nyumba wangu, fundi magari mstaafu, alinigongea mlango hata hakujapambazuka. "Vaa, twende tukale khash." Alikuwa ameniahidi tangu mwanzo wa baridi, maana khash kwao Armenia ina msimu wake, kiangazi huisikii ikitajwa.

Mgahawa ulikuwa chini ya jengo la mawe ya waridi, yale mawe ya volkano yaliyojengea sehemu kubwa ya Yerevan, mji mkuu wao. Unashuka ngazi, unainamisha kichwa, miwani inajaa ukungu, na harufu ya kitunguu saumu inakudaka mlangoni. Menyu hakuna. Waliokuja pale wote walifuata kitu kimoja.

Bakuli lilipotua mbele yangu nilicheka. Miguu ya ng'ombe, imechemshwa usiku kucha mpaka mchuzi unanata midomoni. Makongoro haya! Mimi wa Tanga, supu hii nimeinywa asubuhi kwa chapati tangu utotoni. Meza nzima ilinikodolea macho ione mgeni akikunja uso, wakaambulia patupu.

Ila kuila kuna ufundi, na ufundi ni wao. Khash hupikwa bila chumvi, kila mtu hujikolezea. Mzee alilivuta bakuli langu bila kuniuliza, akatia chumvi kwa vidole, akafuatisha saumu ya kutwangwa, kisha akachukua lavash kavu, ule mkate wao mwembamba, akaanza kuuvunjavunja humo ndani. Akavunja weee! Nikadhani ananitania. Hakuacha mpaka supu ikawa uji na kijiko kikasimama chenyewe. Akafunika kwa lavash nyingine, laini, joto lisitoke. Unamega hiyo laini, unachotea. Kwa mkono! Kijiko nikakisukuma kando pamoja na figili na pilipili za siki. Ndimu nilitamani, lakini nikanyamaza. Ugenini huongezi viungo vya watu.

Mwenzake khash ni vodka, na haiguswi kabla mtu hajasema neno. Mimi kilevi situmii, nikajiandaa kubishana. Wala! Nikaletewa kompoti, kinywaji cha matunda yaliyochemshwa, nikanyanyua glasi kama wengine: kwa wazazi, kwa watoto, kwa mgeni. Halafu akasimama bwana mmoja mwenyeji wa mji wa Gyumri, akawataja ndugu zake waliofukiwa na tetemeko la Desemba 1988. Safari hiyo glasi hazikugonganishwa. Watu walikunywa, wakakaa, na kwa muda ikasikika milio ya mkate mkavu tu.

Bili ilipokuja ikawa ugomvi. Huyu anavuta karatasi, yule anamshika mkono, wa tatu kumbe alishalipa jikoni kimyakimya na sasa anatukanwa kwa mapenzi. Mimi hata pochi sikuruhusiwa kuitoa.

Tukatoka saa tano, tumelemewa, saumu imeingia hadi kwenye makoti. Metro ilikuwa imejaa, lakini mimi na mzee tulikaa kwa nafasi: abiria walituachia viti kila upande.