Siku moja maishani mwangu: natibu nyuso zilizopooza

Saa mbili asubuhi nafungua chumba na kufuta vioo. Watu wakisikia kazi yangu hudhani nashinda nikichua mashavu. Kuchua kupo, ila ninayemfundisha hasa ni ubongo.

Saa tatu anaingia mama aliyeamka juzi mdomo umekwenda upande. Nyumbani wameshalia kiharusi. Namwomba akunje paji la uso: upande mmoja umetulia tuli. Kiharusi kwa kawaida huliacha paji na nguvu zake, maana paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Daktari amekwisha mpima: ni neva ya uso, yaani mshipa unaopeleka amri za ubongo usoni, imevimba ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, ameanza ndani ya saa 72, vizuri sana. Namfundisha kulinda jicho lisilofumba: matone mchana, plasta usiku.

Wawili wanaofuata wanaendelea vizuri.

Saa sita anakuja mzee mmoja, mwezi wa saba tangu augue, amekasirika. "Dokta, nimefanya mazoezi kuliko ulivyoniagiza, na uso unazidi kukaza!" Amekuwa akipuliza maputo na kuvuta tabasamu kwa nguvu zote. Nampa kioo. Akitabasamu, jicho linajifumba na shingo inatoa kamba. Anabisha, anarudia kwa nguvu zaidi, jicho linafumba zaidi.

Namweleza taratibu. Neva iliyoumia huota upya karibu milimita moja kwa siku, na nyuzi nyingine hupotea njia. Uzi wa mdomo unaishia kwenye jicho. Ubongo nao haukai bure. Jirani akiona shamba halilimwi husogeza mpaka, na ndivyo eneo linaloongoza mkono linavyotanuka kuelekea la uso. Kila tabasamu la kulazimisha linakomaza amri mbovu.

"Kwa hiyo nisifanye kitu?"

"Fanya, mzee wangu, lakini kidogo mno."

Tunaanza upya. Pembe ya mdomo ipande kiasi cha unywele, jicho libaki wazi. Anavuta, namzuia. Anavuta tena. Mgongo unaniuma, chakula cha mchana kimenipita, nje kuna watu wanasubiri. Mwishowe pembe inapanda na jicho halitikisiki. Ananyamaza, anakisogelea kioo, anarudia mwenyewe bila kuambiwa. Kwa hili najivunia kazi yangu.

Waliobaki nawahudumia nimechoka, sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Kwenye faili la mzee nimeandika: kioo, dakika chache mara kadhaa kwa siku, maputo marufuku.