Kilomita 517: siku yangu kati ya Dodoma na Mpanda

Saa 11:15 alfajiri huwa nimekwisha kufika ofisini, kando ya uwanja wa ndege wa Dodoma, kwa kuwa kazi yangu ni kupanga safari za ndege ndogo za kukodi. Leo tunakwenda Mpanda tukiwa na abiria sita na maboksi ya dawa, na tutarudi na mgonjwa mmoja.

Saa 11:30 napima mstari kwenye ramani. Viwanja hivi viwili viko karibu katika latitudo moja, hivyo ndege huelekea magharibi moja kwa moja kwa takribani kilomita 517, ilhali msafiri wa treni sharti apitie Tabora kisha abadili njia Kaliua. Ndege yetu huenda kilomita 315 kwa saa hewa ikiwa imetulia, na ukigawanya unapata saa 1 na dakika 38. Jibu hilo silimpi mtu tena. Mwaka jana niliikadiria safari ya kurudi kwa namna hiyo, na familia iliyokuja kumpokea mgonjwa wao ilikaa zaidi ya nusu saa langoni ikidhani ndege imepata ajali.

Saa 12:00 taarifa ya hali ya hewa inaonyesha upepo wa mashariki, kilomita 35 kwa saa. Kwenda utatusukuma, nasi tutatumia saa 1 na dakika 29; kurudi utatukabili, na safari itachukua saa 1 na dakika 51. Wengi hudhani kwamba dakika zilizookolewa asubuhi hufidia zinazopotea mchana, lakini sivyo, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga. Kila upande naongeza dakika 12 za kutembea ardhini, kupanda na kujipanga kutua.

Saa 12:20 tunajadili mafuta: ya kufika Mpanda, ya kukimbilia Tabora, kilomita 240 zaidi, endapo haitawezekana kutua, pamoja na akiba. Hatuwezi kujaza tu, kwani Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua likikolea hewa hupungua uzito, na ndege iliyoelemewa huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Ndiyo sababu tunaondoka mapema.

Katika fomu ya safari naandika muda wa kuondoka: 0400, kwa saa ya dunia (UTC) inayotumika katika usafiri wa anga. Saa ya ukutani inaonyesha 7:00. Abiria nawaambia saa 1. Kila mara nasoma zote tatu kwa sauti, maana ukikosea hapo, hesabu ya upepo haina kazi.

Saa 2:43 rubani ananijulisha kwamba ametua Mpanda.

Saa 4:00 anaondoka kurudi. Muda si mrefu mzee mmoja anafika mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mke wangu atafika saa ngapi?”

“Kati ya saa 6:00 na saa 6:15, mzee. Kurudi ni polepole kuliko kwenda, kwa ajili ya upepo. Ikizidi hapo, nitakuja mwenyewe kukueleza.”

Namletea kiti kivulini. Ndege inatua saa 6:09, nami naandika muda huo daftarini, pembeni mwa saa 6:03 niliyokadiria.