Kofilini yangu haikuwa imekufa

Mimi nafanya masters hapa Kisumu na kazi yangu ni kofilini-1 ya binadamu, protini ndogo ya asidi amino 166 tu, lakini ndiyo inakatakata nyuzi za aktini ndani ya seli ndio seli iweze kutambaa na kubadilisha umbo. Hatuitoi kwa mtu. Jini yake tunaiweka kwa bakteria, E. coli, wanatutengenezea, halafu tunawapasua na kuisafisha kwa kolamu ya nikeli. Na kuna kitu napenda sana hapo, kwa seli zetu kofilini huzimwa kwa kubandikwa fosfati kwenye serini ya 3, sasa bakteria hawana kimeng'enya cha hiyo kazi, kwa hivyo inatoka ikiwa imewashwa tayari.

Jaribio lenyewe si gumu, unachanganya nyuzi za aktini na kofilini, unangoja, unazungusha kwa sentrifyuji ya 100,000 g (nguvu mara laki moja ya mvutano wa dunia), nyuzi nzima zinazama na aktini iliyovunjika inabaki juu kwa maji, halafu unapitisha zote mbili kwa jeli, ambayo hutenganisha protini kwa ukubwa, uone mstari wa aktini uko wapi. Yangu asubuhi ilikuwa inavunja vizuri, mchana wapi. Nikalaumu stima, maana ilipotea usiku mmoja friza ikapata joto, nikatengeneza protini upya kutoka mwanzo, wiki mbili nzima, nikaigawa kwa vichupa vidogo vidogo nisigandishe na kuyeyusha kimoja mara mbili, nikaongeza DTT, kemikali ya kuzuia protini isioksidike. Mchana, ile ile. Siku hiyo nililia.

Fundi wetu wa maabara, mzee aliyeanza hii kazi kabla sijazaliwa, akaniuliza, "Nyathina," yaani mtoto wangu, "hii bafa ulipima pH ikiwa baridi ama ikiwa na joto?" Bafa ni yale maji ya kuchanganyia protini, yanayoshikilia pH, kile kipimo cha uasidi, isiyumbe. Nikamwambia mzee, nilipimia kwa chumba baridi, digrii 4, nikaiweka 8.0. Akasema nenda upime tena hapo mezani. Ilikuwa saa nane mchana na mnajua jua la Kisumu saa nane, maabara iko digrii 30, feni inazungusha joto tu.

Mita ikasoma 7.3.

Bafa yetu ni ya kemikali inaitwa Tris, na pH ya Tris hushuka karibu 0.028 kwa kila digrii moja joto likipanda, sasa piga hesabu ya digrii 26. Asubuhi kukiwa bado na baridi haishuki hivyo. Na kofilini inasikia pH sana, kwa 8 inavunja nyuzi, ikikaribia 7 inazishika tu bila kuzivunja sana. Nikatoa jeli zangu zote za zamani nikaziangalia tena na hapo ndio nilishtuka, kwa zile za mchana mstari wa kofilini, huko chini karibu kilodaltoni 20 (kipimo cha uzito wa protini), ulikuwa umezama pamoja na aktini. Ingekuwa imekufa ingebaki juu kwa maji peke yake. Ilikuwa imeshika nyuzi wakati wote, mimi macho yangu yalikuwa kwa mstari wa aktini pekee, ule wa 42.

Siku hizi bafa napimia kwa joto lile lile nitafanyia kazi, na vichupa vinangoja kwa maji ya digrii 25, iwe asubuhi iwe mchana. Jumanne nimerudia saa tatu, saa saba na saa tisa, mistari imetoka sawa zote tatu. Jeli nilimpelekea mzee ikiwa bado inachuruzika maji.