Sanamu ya Walter Tull: wiki ya sita

Mguu wa kulia niliumaliza jana usiku. Wa kushoto umenitesa. Gogo la jakaranda lilikuwa bado na maji ndani, ufa ukafunguka kutoka gotini hadi kifundoni. Nimeujaza unga wa mbao na gundi, nikaufunga kwa mpira wa tyubu.

Kwa asiyemfahamu: Tull alizaliwa Folkestone, Uingereza, mwaka 1888, baba yake Mbarbados. Alifiwa na wazazi wote angali mtoto, akalelewa kwenye kituo cha yatima London. Mwaka 1909 alisajiliwa na Tottenham Hotspur. Mwaka huohuo mashabiki wa Bristol walimtukana kwa rangi yake. Baadaye Northampton Town, mechi zaidi ya 100. Desemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, akajiunga na jeshi la Uingereza, kikosi cha 17 cha rejimenti ya Middlesex, kikosi cha wanasoka. Mei 1917 akapata kamisheni, luteni usu, ingawa kanuni za jeshi lile hazikutaka mtu mweusi awaamuru wazungu. Akawaongoza, huko Italia.

Mwanzo nilipanga sanamu mbili, mchezaji na ofisa. Nimeacha. Alipopigwa risasi karibu na Favreuil, Ufaransa, tarehe 25 Machi 1918, aliyejaribu kumburuta amtoe pale alikuwa Tom Billingham, kipa wa zamani wa klabu ya Leicester Fosse. Risasi zilizidi, akamwacha, na mwili haukupatikana tena. Tangu nilipolijua hilo siwezi kumgawa mtu huyu. Atavaa koti la ofisa, na miguuni njumu za enzi zile, zile za ngozi nzito zinazofunika kifundo.

Jirani yangu, fundi seremala, aliligeuzageuza gogo mikononi.

“Huyu kazikwa wapi, mwanangu?”

“Hana kaburi, mzee. Jina tu, kwenye ukuta wa kumbukumbu, Arras, Ufaransa.”

Akanyamaza kidogo. “Basi ni kama wapagazi wetu.”

Sikuwa nimewaza hivyo. Waingereza waliingia hapa Moshi Machi 1916 wakitokea upande wa Taveta, na makaburi ya askari wao yangalipo, yanatunzwa. Wapagazi waliowabebea mizigo walikufa kwa maelfu, na wengi hawana hata jiwe lenye jina. Kitako cha sanamu nilitaka kukipiga msasa kiwe laini kabisa. Sasa nitakiacha na alama za tezo, kama udongo uliochimbuliwa.

Uso sijaugusa. Jumamosi nafungua tyubu nione kama gundi imeshika.