Daftari la furaha: safu zilizobaki na zilizofutwa

Vifaa vya mradi huu ni vichache: daftari la mistari, kalamu, na simu yenye kengele. Swali lake ndilo gumu. Tunasikia kila mara kwamba mwenye furaha huishi miaka mingi. Mimi nataka kujua kipi hutangulia: furaha ndiyo inayoleta afya, au afya ndiyo inayompa mtu nafasi ya kufurahi? Kwa hiyo najipima huku nasoma tafiti, na kila utafiti unaonigusa unabadilisha kitu ndani ya daftari.

Toleo la kwanza

Safu tatu, zikijazwa usiku kabla ya kulala: alama ya furaha kuanzia 1 hadi 10, saa za usingizi, na maumivu yoyote ya mwili.

Ukurasa ulionifundisha zaidi ni ule wa jino. Safu ya maumivu inasema "gego, chini kushoto" siku baada ya siku, mwandiko ukizidi kuharibika, na alama ya furaha inacheza kati ya 2 na 3. Kisha gego likang'olewa. Kesho yake nimejipa 9, na pembeni nimeandika: "Leo hakuna kilichotokea." Ndivyo ilivyokuwa, kutoumwa kulitosha. Haikuchukua muda alama ikateremka hadi 6, palepale ilipokuwa kabla jino halijaanza kuuma. Mdomo ulikuwa bado mzima, ila uzima ulishazoeleka.

Hapo ndipo nilipoutafuta utafiti wa mwanasaikolojia Philip Brickman. Mwaka 1978 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha washindi 22 wa bahati nasibu huko Marekani, watu 29 waliopooza kwa ajali, na watu wengine 22 wasiokumbwa na lolote kati ya hayo. Washindi hawakuonekana kuwazidi wenzao kwa furaha, na mambo madogo kama kupiga soga na rafiki yaliwapa raha kidogo kuliko wengine. Utafiti huu husimuliwa vibaya mno. Utasikia kwamba waliopooza walikuwa na furaha sawa na wengine. Si kweli: walikuwa chini, ila si chini kama ambavyo mtu angedhani. Tena watu wenyewe ni wachache, sijui kwa nini wamebebeshwa nadharia nzima, ile isemayo kwamba mtu huzoea lolote na furaha yake hurudi ilipokuwa.

Toleo la pili

Alama za usiku zilikuwa zinatolewa na mtu aliyechoka, anayehukumu mchana mzima kwa saa yake ya mwisho. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walilikwepa tatizo hilo katika utafiti wao wa mwaka 2010. Waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu, kwa nyakati za kushtukiza: unafanya nini sasa hivi, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu asilimia 47 ya nyakati, akili ilikuwa mahali pengine, na watu walikuwa na furaha kidogo zaidi nyakati hizo. Kilichonivutia ni kwamba walipofuata mpangilio wa wakati, kutangatanga kwa akili kulielekea kutangulia na huzuni kufuata.

Nikatega kengele za simu kwa saa zisizo na mpangilio. Mistari miwili kutoka daftarini: "Naosha vyombo, nagombana kichwani na mtu ambaye hayupo: 4." Na mwingine: "Naosha vyombo, nawaza vyombo: 6."

Safu iliyofutwa

Tabasamu. Kulikuwa na jaribio maarufu la mwaka 1988 la Fritz Strack na wenzake, ambapo washiriki walishika kalamu kwa meno ili uso uchukue umbo la kutabasamu, na vibonzo vikawachekesha zaidi. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia jaribio hilo na hazikuona tofauti. Mwaka 2022 kundi kubwa zaidi, la washiriki karibu 3,900 katika nchi 19, liliona kwamba kutabasamu kwa makusudi kunainua hali ya moyo kidogo, lakini ile mbinu ya kalamu haikutoa jibu la wazi. Kwa faida ndogo hivyo, safu nzima ya nini?

Swali lenyewe

Upande mmoja wanasimama watawa wa Kikatoliki 180 wa Marekani. Walipokuwa na umri wa miaka 22 hivi, waliandika historia fupi za maisha yao. Utafiti wa mwaka 2001 ulihesabu maneno ya furaha katika maandishi hayo, na walioyatumia zaidi ndio walioishi zaidi. Watawa wanafaa kwa kazi hii kwa sababu wanakula, wanalala na kutibiwa karibu sawa.

Upande wa pili kuna wanawake zaidi ya 700,000 wa Uingereza, wengi wao wa makamo, waliofuatiliwa takriban miaka 10. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwishoni mwa 2015. Waliokuwa tayari wagonjwa mwanzoni walikuwa na furaha kidogo, na pia walikufa zaidi. Ugonjwa ulipowekwa kwenye hesabu, pamoja na sigara na hali ya maisha, furaha peke yake haikupunguza vifo.

Mimi naelemea upande wa pili, hasa nikikumbuka gego. Lakini siwezi kufunga mlango. Mwaka 2003 Sheldon Cohen na wenzake waliwatia virusi vya mafua puani watu 334 waliojitolea, wakawaweka karantini, na wenye kawaida ya uchangamfu wakawa na uwezekano mdogo wa kuugua. Pale virusi vilikuja baada ya hali ya moyo kupimwa, kwa hiyo si rahisi kusema mafua ndiyo yaliyowanunisha. Huenda furaha husaidia kwenye mafua na isisaidie kwenye kifo. Sioni mgongano.

Toleo la sasa

Nimeongeza safu ya watu: nimezungumza na nani, kwa sauti. Ujumbe wa simu hauhesabiwi. Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 mwaka 2010, zenye washiriki zaidi ya 308,000, wakakuta wenye uhusiano imara na watu wana uwezekano wa kubaki hai ulio juu kwa asilimia 50. Hakuna safu yangu nyingine yenye ushahidi mzito hivyo.

Alama ya furaha nayo imepunguzwa. Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliohimizwa kuithamini sana furaha waliifurahia kidogo filamu ya kufurahisha. Basi kengele zimezimwa, na alama inaandikwa Jumapili tu. Usingizi, maumivu na watu ni kila siku. Daftari jipya nimeshalipiga mistari, na safu ya furaha iko ukurasa wa nyuma, ili nisiichungulie ninapojaza zile nyingine.