Usimwachie daktari achague nani anaingia kundi gani

Jamani kugawa wagonjwa kwenye majaribio ya dawa ni jambo watu wanalipita haraka, wakati mi naona ndo moyo wa jaribio lenyewe. Ukigawa kwa zamu, huyu dawa yule bila, daktari anajua anayefuata anaenda wapi, akimwonea huruma aliyezidiwa anamsogeza kwenye foleni na makundi hayalingani tena. Ndo maana kwenye jaribio la dawa ya streptomaisini kwa TB kule Uingereza, lililochapishwa 1948, mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill alitumia namba za kubahatisha ndani ya bahasha zilizofungwa, wagonjwa 107, 55 wakapata dawa na 52 mapumziko ya kitandani tu. Na bahasha ilifunguliwa mgonjwa akishakubaliwa kuingia, hapo ndo napapenda, maana hata kompyuta igawe vizuri vipi, siri ya nani anaenda kundi gani ikivuja mapema kazi bure.